Tangi Lako Linatoa Jerikeni Ngapi?

Ukipita wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, hata katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ukamuuliza mwenye tangi la saruji linabeba kiasi gani, mara nyingi atakutajia lita alizoambiwa na fundi. Lipime mwenyewe. Familia inayopanga kiangazi chake kwa hesabu ya kukisia huishia kutembea na jerikeni tupu mwezi wa saba, na wanaotumwa ni watoto.

Zungusha kamba kwenye tumbo la tangi, ikae sawa pande zote, kisha uilaze chini uipime kwa tepu ya fundi. Tuseme umepata mita 6.91. Gawanya kwa 3.14, utapata 2.2, yaani kipenyo cha nje. Lakini maji hayakai ndani ya ukuta. Kama ukuta una unene wa sentimita 10, toa 10 kila upande. Kinabaki kipenyo cha mita 2. Nusu yake ni mita 1, na hiyo nusu ndiyo tunayoitumia. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanazidisha kipenyo kizima kwa chenyewe, na jibu linakuwa mara 4 ya maji yaliyomo. Ukisahau unene wa ukuta peke yake, kwa tangi hili unajiongezea jerikeni zaidi ya 70 zisizokuwepo.

Kimo nacho usikipime kutoka sakafuni hadi kwenye kifuniko. Maji yaliyo chini ya koki huwezi kuyakinga, na yakifika kwenye bomba la kutolea ziada yanamwagika nje. Pima kati ya viwili hivyo tu. Hapa tuna mita 2.25.

Sasa zidisha: 1 × 1 × 3.14 × 2.25 = mita za ujazo 7.065. Kila mita ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo ni lita 7,065, sawa na jerikeni 353 za lita 20. (Uzito wake unapita tani 7, ndiyo maana tangi linahitaji msingi imara.)

Nyumba inayotumia jerikeni 7 kwa siku, ikianza kukinga tangi likiwa limejaa tarehe 1 Juni bila mvua nyingine, itaishiwa maji karibu na tarehe 20 Julai. Ikishika jerikeni 3 tu, tangi hilohilo litaivusha hadi mvua za Septemba.