"Mimi ni admini, mbona inanikatalia?" Dhana potofu kuhusu ruhusa za Windows

Dada mmoja mwenye duka la steshenari aliniletea laptopu iliyokuwa imeshapita mikononi mwa mafundi wawili. Alichotaka ni programu ya mahesabu tu. Kila akibofya faili la kusakinisha, kinaruka kisanduku: "Unable to execute file in the temporary directory. Setup aborted. Error 5: Access is denied." Fundi wa kwanza alikuwa ameshapiga window upya, yaani kuifuta Windows na kuiweka tena, hata kabla ya kosa hili. Wa pili aling'oa antivirasi. Kosa likabaki lilelile. "Na laptopu ni yangu, nywila ninayo peke yangu," alilalamika.

Karibu kila ushauri wa vijiweni kuhusu kosa hili unachukulia kwamba kompyuta inamkatalia mtu. Haimkatalii mtu. Inaikatalia akaunti fulani isiguse sehemu fulani, na mara nyingi akaunti yenyewe si ile unayoifikiria.

Dhana: akaunti yangu ni ya admini, kwa hiyo kila ninachofungua kina nguvu za admini

Ilikuwa hivyo enzi za Windows XP. Tangu Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, ukiingia kwa akaunti ya msimamizi Windows inakukatia vitambulisho viwili: kimoja kamili, kingine kilichopunguzwa makali. Kutwa nzima unatembea na hicho cha pili. Kile kamili hutolewa pale tu skrini inapofifia na kukuuliza kama unakubali, nawe ukabonyeza "Yes". Na hata hapo inapewa programu ile moja uliyoikubalia, si nyingine.

Ukitaka kujionea, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama kawaida, andika whoami /groups. Kisha bofya kulia, chagua "Run as administrator", uandike vilevile. Jina ni lilelile, lakini mstari wenye maneno Mandatory Label unasoma Medium mara ya kwanza na High mara ya pili.

Sasa, kwa laptopu ya dada huyu, "Run as administrator" ilikuwa imejaribiwa mpaka imechosha. Hilo ndilo linalowachanganya wengi: hata admini kamili anaweza kukataliwa. Kila folda kwenye diski ya NTFS, mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, ina orodha ya nani anaruhusiwa nini. Kundi la Administrators lisipokuwemo kwenye orodha hiyo, admini anagonga mwamba kama mgeni mwingine. Anachomzidi mgeni ni haki ya kujimilikisha folda na kuiandika upya orodha, lakini haki hiyo haijitumi yenyewe.

Dhana: anayesakinisha ni mimi

Kwa mafaili ya MSI, yaani ya kusakinisha yenye mkia .msi, si wewe. Kazi inakabidhiwa huduma ya Windows Installer, nayo inafanya kazi kwa jina la SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe ambayo hujawahi kuingia nayo maishani. Hapo ndipo linapotoka mara nyingi lile kosa maarufu la 1603, la usakinishaji kushindikana. Miongoni mwa sababu ambazo Microsoft yenyewe inazitaja ni kwamba SYSTEM haina ruhusa kamili kwenye folda unakosakinisha, au folda hiyo imesimbwa kwa siri, au herufi ya diski ni ya kubuni tu, iliyotengenezwa kwa amri ya subst. Mtu anakagua ruhusa, anaona jina lake lina alama za vema juu mpaka chini, anaapa kwamba tatizo si ruhusa. Jina la kutafuta pale ni SYSTEM.

Ndugu wa tatizo hili anapatikana maofisini. Faili liko kwenye diski ya mtandao, tuseme Z, na unaliona kwa macho yako. Ukishakubali kwenye skrini iliyofifia, programu inakwambia hakuna Z. Haidanganyi. Herufi ile ilifungwa kwenye kitambulisho chako cha kawaida. Kile cha msimamizi hakiijui. Nakili faili kwenye diski C kwanza, ugomvi umeisha.

Dhana: kila kosa la kusakinisha ni la ruhusa

Soma nambari kabla hujagusa kitu. Kosa 0x80070005 linaishia na 5, yaani kunyimwa ruhusa, lilelile la "Error 5". Lakini 0x80070070 ni diski iliyojaa. Nimewahi kumkuta mtu akihangaika na ruhusa siku mbili huku diski C imebakiza nafasi ya nyimbo chache. Na 0x80070643 ni 1603 iliyoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, haikwambii chochote zaidi ya kwamba usakinishaji umeshindikana.

Dhana: ukipiga window upya, ruhusa zote zinaanza upya

Kwenye diski C, sawa. Kwenye diski D, ambako watu wetu huhifadhi picha, muziki na kila kitu "kisipotee", hapana. Windows haiandiki jina lako kwenye orodha za ruhusa. Inaandika nambari ndefu inayoanza na S-1-5-21, na ukipiga window upya unapewa nambari nyingine, hata ukijiita jina lilelile na kutumia nywila ileile. Kwa folda za zamani wewe ni mtu mpya. Ukibofya kulia folda, ukachagua Properties na kufungua kichupo cha Security, utakuta mwenye mali wa zamani ameandikwa "Account Unknown", na mkia wa tarakimu nyuma yake.

Kwa maneno mengine, dawa inayotolewa zaidi mitaani ndiyo mojawapo ya vyanzo vya ugonjwa. Kumbuka hili, tutarudi kwenye laptopu ya dada.

Dhana: folda ina alama ya Read-only, ndiyo maana

Unaondoa alama, unabonyeza OK, ukirudi unaikuta pale pale. Achana nayo. Kwa folda, alama hiyo haizuii kuandika ndani yake. Windows inaitumia kutambua folda zenye mapambo maalumu, kama vile ikoni yake yenyewe. Kwa faili moja moja, hapo ina maana.

Dhana: wape Everyone ruhusa kamili kwenye diski C nzima, yaishe

Everyone ni kundi la kila mtumiaji. Huu ndio ushauri ninaouchukia kuliko wote, kwa sababu siku ya kwanza unaonekana umefanya kazi. Mafaili ya mfumo wenyewe yanamilikiwa na akaunti iitwayo TrustedInstaller, ambayo hata admini hapewi haki zake, na ilipangwa hivyo kwa makusudi ili programu yoyote uliyoikubalia kwa haraka isiandike juu ya moyo wa Windows. Ukishafumua orodha zile kwa maelfu, hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Virusi navyo ni sehemu ya hao "Everyone".

Wa upande wa Linux msicheke. Anayeandika chmod -R 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, kwenye mzizi wa mfumo anagundua kwamba kufungua kila kitu kunafunga mambo: SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, inakataa ufunguo wa siri ambao kila mtu anaweza kuusoma, na sudo, amri ya kuazima nguvu za admini, inagoma kabisa ikikuta faili lake la ruhusa, sudoers, linaandikwa na yeyote.

Dhana: zima antivirasi

Kuna chembe ya ukweli. Windows 10, tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, ina ulinzi uitwao Controlled folder access. Ukiwashwa, programu isiyoaminika haiandiki kwenye folda kama Documents na Pictures, hata ukiifungua kama admini. Lakini kwa kawaida huja umezimwa, na kama uliuwasha, unairuhusu programu ile moja na ulinzi unabaki. Anayekusisitiza uzime kila kitu kabla ya kusakinisha, mara nyingi faili lake lina sababu ya kutotaka kuonekana.

Dhana: bila nywila ya admini huwezi kusakinisha kitu

Chrome, ukikataa kuipa ruhusa za msimamizi, iko tayari kujisakinisha kwenye wasifu wako tu, yaani folda za akaunti yako. Visual Studio Code, programu ya kuandikia kodi, ina toleo maalumu la mtumiaji mmoja. Nywila ya admini yenyewe ina mtego wake. Mhasibu anafanya kazi kwa akaunti ya kawaida, mtu wa IT anakuja, anaandika jina na nywila yake kwenye skrini iliyofifia, programu inaingia bila kelele, anaondoka. Mhasibu anaitafuta haioni. Imesakinishwa vizuri kabisa, ila kwenye wasifu wa mtu wa IT, kwa kuwa aliyesakinisha, machoni pa Windows, ni yeye.

Kwenye laptopu ya dada sikukisia. Nilifungua Process Monitor, kifaa cha bure cha Sysinternals, nikaweka kichujio cha Result kuwa ACCESS DENIED, nikabofya faili la kusakinisha. Katikati ya mistari michache iliyobaki, mmoja ulijirudia: D:\Temp. Kwa faili la MSI ningeanzia kwenye logi, yaani kumbukumbu ya hatua za usakinishaji, kwa amri ya msiexec /i yenye /l*v, kisha ningetafuta maneno "Return value 3". Kosa lenyewe huwa mistari michache juu yake.

Kwa nini diski D? Zamani C ilipojaa, mtu alihamishia huko folda ya muda (TEMP), ambamo programu huweka mafaili yake ya muda, akaifunga isiguswe na yeyote isipokuwa akaunti ya wakati ule. Fundi wa kwanza alipopiga window upya, akaielekeza TEMP palepale kuokoa nafasi. Orodha ya ruhusa ilikuwa na mstari mmoja tu: Account Unknown. Hapakuwa na SYSTEM wala Administrators, na dada mwenyewe hakuwemo.

Niliirudisha TEMP kwenye %USERPROFILE%\AppData\Local\Temp kupitia Environment Variables, sehemu ya mipangilio ya Windows, nikatoka kwenye akaunti na kuingia tena. Programu ya mahesabu ikaingia mara moja. Dada akataka nimfungulie na ile folda, huenda kuna picha zake. Nikajimilikisha folda ile peke yake, tukachungulia. Zilikuwa gigabaiti nne za mabaki ya programu zilizoshindwa kusakinishwa.