Mbegu ya mpapindi haianikwi juani

Wengi huamini kwamba mbegu yoyote ikauke juani kabla ya kupandwa. Kwa mahindi, maharage, hata kokwa za tende, ni sawa. Lakini mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao asili yake ni Pemba, hukua kwenye unyevu wa msitu kama Ngezi, na kiini cha mbegu yake kikishakauka hakifufuki.

Pata matunda mekundu yaliyoiva kwa mwenye mti bustanini, si kwenye hifadhi. Ondoa nyama yote. Ikibaki huvunda na kuleta ukungu. Loweka siku 2, ukibadilisha maji kila siku. Fukia mbegu nusu tu katika mchanga wa chengachenga na makumbi ya nazi yaliyosagwa, nusu kwa nusu, uliolowa bila kutiririka. Tumia kopo angavu lenye mfuniko, mahali penye joto la nyuzi 27 hadi 32, pasipopigwa na jua. Subiri mwezi 1 hadi 3. Wengi hutupa mbegu hai kwa haraka tu!

Una shaka? Pasua moja kwa kisu. Nyama ya ndani ikiwa nyeupe, ngumu, imejaa hadi kwenye ganda, ni nzima. Ya kahawia, iliyosinyaa au inayonuka imekufa. Kuelea majini si ushahidi wa kutosha. Au panda 10 mbichi na 10 zilizoanikwa wiki nzima, ulinganishe.

Ukihamishia mche kwenye chungu cha sebuleni, usiing'oe mbegu: bado unajilisha humo.