Kopo la kupuliza halichukui nafasi ya grisi

Hapa Mtwara, ambako upepo wa bahari haukawii kuotesha kutu kwenye bawaba, wengi huamini kopo moja la mafuta ya kupuliza latosha kila kitu: kitasa, cheni ya pikipiki, hata beringi. Grisi na oili maalumu huonekana ni kutupa hela.

Imani hii ina chanzo. Nati iliyoganda kwa kutu ukiipulizia hulegea, na mlango uliokuwa ukilia hunyamaza papo hapo. Kopo maarufu kuliko yote lilibuniwa Marekani mwaka 1953 ili kufukuza maji na kuzuia kutu, na kazi hiyo hulifaa kweli. Lakini sehemu kubwa ya kilichomo ni kiyeyusho chepesi kinachoyeyukia hewani, kikabakiza utando mwembamba tu wa mafuta. Kwenye beringi yenye mzigo utando huo haudumu; tena kiyeyusho chaweza kuiosha grisi iliyokuwemo. Grisi ni nzito, hung'ang'ania mahali pake.

Jaribu mwenyewe. Kwenye kipande cha bati, pulizia upande mmoja, wa pili upake grisi, uache siku chache kivulini, kisha pitisha kidole. Soma pia maandishi ya kopo, maana yapo yenye grisi ya kupuliza, na hayo ni habari nyingine.

Breki, jamani, usiipulizie kabisa: ikiteleza, pikipiki haisimami.