Je, wajua kwa nini kwenye Pokémon GO, mchezo wa simu wa kupiganisha wanyama wa kubuni, Machamp mwenye namba ya nguvu 2,000 humwangusha bosi aliyemshinda Slaking wa 4,000?

Mpwa wangu ana miaka 13 na simu yenye ufa uliopita katikati ya kioo. Ilikuwa Julai, tukingoja matatu katikati ya jiji la Nairobi chini ya wingu la kijivu, alipoingia peke yake kupigana na bosi aitwaye Tyranitar. Akachukua wanyama sita wenye namba kubwa kuliko wote alionao: Slaking wawili, Dragonite wawili, Snorlax na Blissey. Dakika 3 zikaisha, bosi bado ana karibu nusu ya uhai wake.

“Anko, huu mchezo umeniibia!”

Haukumwibia. Namba ile aliyoifuata, CP, hupatikana kwa kuzidisha ushambulizi wa mnyama na vipeuo vya pili vya ulinzi na uhai wake, halafu kiwango alichofikia. Ni namba ya mnyama akiwa peke yake. Haijui atakutana na nani wala atatumia shambulio gani. Slaking hupita 4,000, lakini shambulio lake la haraka ni Yawn, yaani mwayo, na mwayo haumuumizi mtu hata chembe. Blissey naye ana uhai mwingi ajabu, ila mkono wake ni mwepesi. Atasimama mpaka mwisho huku bosi akimtazama tu.

Na kusimama si kazi uliyopewa. Bosi wa nyota 3, kama huyu Tyranitar, ana uhai wa 3,600, na saa inakupa sekunde 180. Gawanya: unatakiwa kumtoa 20 kila sekunde, mfululizo. Wengi hushindwa na saa kabla ya kushindwa na bosi, na ndiyo maana siiamini sana timu ambayo mchezo wenyewe hukupendekezea. Mara nyingi huegemea wanaodumu kuliko wanaoumiza.

Sasa mtazame Tyranitar kwa karibu. Ni wa aina mbili kwa pamoja, mwamba na giza, na aina ya ngumi huziumiza zote mbili. Kila udhaifu huzidisha pigo kwa 1.6, kwa hiyo udhaifu huu wa mara mbili unafika 2.56. Machamp mwenyewe ni wa ngumi, na mnyama anayepiga kwa shambulio la aina yake huongezewa mara 1.2. Halafu kuna hali ya hewa: mawingu mazito, ambayo Nairobi hutupa bure kila Julai, huongeza aina ya ngumi mara 1.2 nyingine. Zidisha zote upate karibu 3.69. Dragonite akimpiga Tyranitar huyohuyo kwa shambulio la joka, hubaki na ile 1.2 ya aina yake tu.

Hata upande wa kupigwa hawalingani. Mapigo ya mwamba na ya giza humfikia Machamp yakiwa yamepunguzwa hadi 0.625. Dragonite ni wa kuruka, na mwamba humpiga kwa 1.6. Wote sita wakizimia, inabidi utoke, uwafufue, uingie tena, na saa haikungojei.

Basi tukapanga upya palepale kituoni: Machamp wanne waliopita 2,000 kidogo tu, na Hariyama wawili, nao wa ngumi. Nikamwambia afungue kila mmoja tusome mashambulio. Mmoja wa Machamp alikuwa na Bullet Punch, ambayo ni ya chuma. Chuma huuumiza mwamba, lakini kwa giza ni pigo la kawaida tu, na wala si aina ya Machamp. Tukatumia TM, kifaa cha mchezo cha kubadilisha shambulio, mpaka akapata Counter, ambayo ni ya ngumi, akalingana na wenzake. Tikiti nyingine ya kuingia kwa bosi haikuhitajika, kwa sababu ukishindwa unaruhusiwa kurudia kwa ileile maadamu bosi bado yupo, naye hukaa dakika 45.

Bosi alianguka saa ikiwa imebakiza sekunde 41. Matatu mbili zilikuwa zimeshatupita.

Wa nyota 5 ni habari nyingine: uhai wa 15,000 kwa sekunde 300, yaani 50 kila sekunde. Hapo hesabu ya aina haitoshi peke yake, unahitaji watu, na ni vizuri zaidi wakiwa marafiki zako ndani ya mchezo, maana urafiki wa daraja la juu huongeza nguvu ya mapigo. Sisi tunamtaka Kyogre, bosi wa maji. Mvua humpa nguvu, lakini mvua hiyohiyo huongeza umeme, ambao ndio unaomuumiza. Nyasi pia humuumiza, ila mvua haiziongezei kitu. Mpwa wangu ana Electivire watatu, wa umeme, tayari, tunangoja masika.