Jeni za HLA na asili yetu: usisome eksoni ya 2 peke yake

Anayetafuta idadi ya wahenga wetu wa kale huvutwa mapema na jeni za HLA, yaani jeni za mfumo wa kinga. Ziko kwenye kromosomu ya 6, protini zake huzionyesha seli za kinga vipande vya vimelea, na aleli (matoleo tofauti ya jeni moja) zilizosajiliwa zimeshapita 30,000. Tena koo kadhaa za aleli hizo ni kongwe kuliko spishi yetu: DRB1 yako, mojawapo ya jeni hizo, yaweza kufanana na ya sokwe mtu kuliko na ya ndugu yako wa damu.

Hapo ndipo mwanajenetiki Francisco Ayala alipojengea hoja yake miaka ya 1990. Watu wawili hawabebi zaidi ya aleli nne za jeni moja. Koo nyingi zikivuka mamilioni ya miaka, lazima waliozivusha walikuwa wengi. Yeye na wenzake walikadiria wazazi wapatao 100,000.

Hoja ni nzuri, kipimo ndicho chenye kasoro. Eksoni ni sehemu ya jeni yenye maelekezo ya protini; eksoni ya 2 ya DRB1, kama herufi 270 tu za DNA, ndiyo inayounda upande wake wa mfuko unaoshika vipande vya vimelea. Uteuzi asilia huzilinda tofauti zake, na aleli hunakiliana vipande, hivyo aleli changa hujitokeza imevaa sura ya kikongwe. Mwaka 1998 Bergström na wenzake walisoma introni za jirani za DRB1 (sehemu za jeni zisizo na maelekezo ya protini), ambako uteuzi hauna nguvu hiyo. Ndani ya kila ukoo, aleli zilikuwa na umri wa wastani wa miaka 250,000 hivi, na wazazi wakashuka hadi 10,000. Kwangu mimi, hilo ndilo jibu la kuaminika.

Kwa hiyo soma jeni nzima kwa vipande virefu, na utenganishe kromosomu ya baba na ya mama. Praima, kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili maabarani, ikiangukia penye tofauti, aleli moja hainakiliwi na mtu mwenye aleli mbili huonekana ana moja. Ukiona wenye aleli moja wamezidi matarajio, shuku praima kwanza. Vipande vifupi navyo, vikilinganishwa na jenomu moja ya rejea, hupoteza aleli zilizo mbali nayo: katika data ya mradi wa Jenomu 1000, uliosoma DNA za watu wa mataifa mengi, uhakiki wa mwaka 2015 ulikuta 18.6% ya majibu ya herufi moja moja ndani ya jeni za HLA yamekosewa.

Kisha chora mti wa introni kando na wa eksoni. Aleli inayohama tawi kati ya miti hiyo miwili imechanganyika. Iondoe kabla ya kukadiria umri wowote.