Nembo moja, kampuni nyingi

Watu wengi huamini kwamba kundi kubwa la fedha la Korea Kusini ni benki moja yenye milango mingi: popote penye nembo yake, pesa yako iko salama kama iko benki. Si ajabu kuamini hivyo. Jengo moja la Seoul laweza kuwa na benki na ofisi ya hisa, rangi ileile, jina lilelile.

Kisheria mambo ni tofauti. Chini ya sheria ya mwaka 2000, juu hukaa kampuni mama isiyopokea amana wala kukopesha wateja. Kazi yake ni kumiliki hisa za kampuni tanzu na kuzisimamia. Benki, bima, kadi na udalali wa hisa, kila moja ina leseni, mtaji na hesabu zake.

Mwenye akiba ndiye namwomba awe makini zaidi. Bima ya amana ya huko, inayomlipa mwenye akiba taasisi ikifilisika, hufidia hadi won (sarafu ya Korea Kusini) milioni 100 kwa mtu mmoja katika taasisi moja, riba ikiwemo. Kabla ya Septemba 2025 ilikuwa milioni 50. Mfuko wa uwekezaji unaopanda na kushuka na soko haumo, hata ukiununua kwenye dirisha la benki.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, soma jina kamili la kampuni kwenye mkataba, kisha tafuta sentensi inayosema kama bidhaa hiyo inalindwa na bima ya amana. Anayetaka kununua hisa za kundi asome ripoti ya mwaka: humo huonekana kila tanzu imechangia faida kiasi gani.