Fumbo lililosomwa na serikali yenyewe

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba hadithi fupi za Japani ya zama za Edo (1603–1868) ni mizimu na makahaba tu, na kwamba chini ya mashogun, watawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa, hakuna mwandishi aliyethubutu kuigusa serikali. Nimechoka kulijibu hili kwa upole.

Amri ya 1722 ilikataza kuandika habari za ukoo wa Tokugawa, na ikataka jina la mwandishi na la mchapishaji yawekwe mwishoni mwa kitabu. Ukisha kujulikana jina lako utafanya nini? Utasema yote yalitokea zamani.

Chukueni kijitabu cha picha chenye jalada la manjano alichokitoa Koikawa Harumachi mwaka 1789. Waziri mkuu Matsudaira Sadanobu alikuwa akiwahimiza samurai washike elimu na silaha, na alikuwa ameandika insha aliyoiita Maneno ya Kasuku. Harumachi akakipa kitabu chake jina la kasuku anayerudisha maneno, na mambo yote akayaweka katika utawala wa Mfalme Daigo, karne ya 10. Humo samurai wanasikia kuwa kutawala nchi ni kama kurusha tiara. Basi wanatoka na tiara zao, watu wazima, wakiamini wanaitawala nchi. Msomaji wa Edo hakuhitaji kuelezwa ni nchi gani. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Na serikali ililing'amua. Amri ya 1790 inakataza waziwazi vitabu vya picha vinavyojivika mambo ya kale ili viseme yasiyofaa. Wanaoniambia "lakini hadithi ni ya kale" waisome amri hiyo kwanza. Mwaka uliofuata mwandishi Santō Kyōden alifungwa pingu siku 50, na mchapishaji wake Tsutaya Jūzaburō akanyang'anywa nusu ya mali yake. Hiyo ilikuwa kwa hadithi za mitaa ya makahaba, zile zile mnazoziita burudani.

Sasa upande wa pili, unaoniudhi zaidi: wanaodai kuwa waandishi hawa walitaka mapinduzi. Kuukosoa utawala si kutaka kuupindua. Harumachi mwenyewe alikuwa samurai, mtumishi wa mtawala wa jimbo dogo. Alichokicheka ni utiifu wa watu wanaoshika neno bila kulielewa. Ihara Saikaku, karibu miaka 100 kabla yake, alikusanya hadithi za siku ya mwisho wa mwaka, siku ya kulipa madeni, maskini wakiwakwepa wadai wao. Hakumtaja shogun, na hakuwa na haja.

Kwa Ueda Akinari ndiko ninakosita. Katika hadithi ya kwanza ya mkusanyiko wake wa 1776, mzimu wa Sutoku, mfalme wa karne ya 12, unatetea uasi wake kwa hoja ya Mencius, mwanafalsafa wa kale wa China, kwamba mtawala dhalimu aweza kuondolewa. Mtawa Saigyō anamjibu kuwa kila merikebu iliyokipakia kitabu cha Mencius kuja Japani ilizama. Nilikuwa nikifundisha kwamba hapo Akinari anawalenga Tokugawa. Leo siwezi kuapa. Hoja ya mzimu ni nzito, ya mtawa ni nzito, na kila nikirudia kusoma naegemea upande mwingine.

Kuhusu Harumachi sina shaka. Aliitwa na wakubwa ajieleze, akasema ni mgonjwa, hakwenda. Alifariki mwaka huo huo wa 1789.